Miguu ya Nyuma ya Komando

Mbalizi, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Sekela,

Begi lako liko mlangoni na godoro nimelifunga kamba. Habari za kufua, za kula, za kutunza hela na za wavulana tumezisema wiki nzima mpaka leo ukaniambia, "Mama, nimekuelewa, sasa pumzika." Basi hayo siyaandiki. Naandika lile ambalo mdomo umenishinda. Mimi kalamu sijaizoea, unajua. Darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa. Nikikosea herufi, wewe pita tu.

Leo mchana nilikuwa naanika nguo upande wa uzio wa Mama Eliza. Sikwenda pale kusikiliza, Mungu anajua. Nikasikia sauti yako.

"Mama Eliza, naomba umchukue Komando akae kwako mpaka nimalize chuo."

"Kwani mama yako anahama?"

"Hahami."

"Sasa?"

Ukasema, "Mama ataona aibu tena. Atamfungia nyuma."

Mama Eliza akacheka, akasema mbwa mkubwa vile na kiuno chake yeye mwenyewe kibovu, labda wamletee winchi. Lakini hakukukatalia. Alisema mtaongea asubuhi kabla hujaondoka.

Nilibaki nimeshika sweta lako la shule ya zamani, bado bichi, maji yananichuruzikia miguuni. Ningekasirika ingekuwa nafuu. Hasira haikuja, kwa sababu hukusema uongo hata neno moja.

Ninachoomba ni kwamba Komando abaki na mimi. Najua siwezi kukuomba hivi hivi tu, kama mtu anayeomba chumvi. Kuna mambo mimi na wewe tumeyapita kimya miaka yote hii, ngoja niyaseme.

Unakumbuka alivyokuja? Mjomba wako Ambakisye alikuwa dereva kwenye shamba la watu huko njia ya Idodi, akamleta ndani ya boksi la mafuta ya kupikia. Mbwa wa kizungu, jamii ya wale wanaotembea na polisi, mgongo mweusi, masikio bado yameanguka. Miguu yake ilikuwa mikubwa kuliko yeye mwenyewe. Ukasema, "Mama, amevaa viatu vya baba yake!" Tulicheka wote. Wakati ule wezi walikuwa wameshaingia bandani kwetu na kuku wa mayai wakapungua, na baba yako alikuwa ameshakwenda zake Tunduma. Nilitaka mlinzi. Tena nilimtaka haraka.

Kazi yangu unaijua, nimekulea kwayo: kuchanganya chakula cha kuku. Pumba, mashudu, dagaa, mifupa ya kusaga, chokaa. Nilikuwa najisikia sana kwa mchanganyiko wangu. Watu walitoka huko milimani Mbeya vijijini kuja kununua kwangu, wanasema kuku wa Mama Sekela hawalegei miguu na yai lao halipasuki. Nikajisemea, kama chokaa inamkaza kuku, si itamkaza na mbwa? Mbwa mkubwa, mifupa mikubwa, basi chokaa nyingi. Kila asubuhi nikamkorogea uji mzito wa dona na dagaa, juu yake chokaa na mifupa ya kusaga, kijiko cha kuchotea cha dukani, siyo cha chai. Jioni hivyo hivyo. Akibakiza namlazimisha.

Akakua, mwanangu! Wateja waliacha kuangalia pumba wakawa wanamwangalia yeye. "Mama Sekela, huyu ni mbwa au ndama?" Nami nilikuwa najibu kwa kelele ili na wa duka la jirani asikie: "Ni chakula changu hicho! Nendeni mkawalishe kuku wenu muone!" Nilimfunga mbele ya duka kama kibao cha tangazo.

Wewe ndiye uliyeona kwanza. Ulirudi shule, ukaacha mfuko chini, ukamwita akukimbilie. Ukasema, "Mama, mbona anaruka kama sungura? Miguu ya nyuma inakwenda pamoja."

Nikasema anacheza.

Siku nyingine ukasema akitaka kusimama anajivuta kwa mikono, na kiuno kinachelewa kuja. Nikasema amenenepa, atazoea. Ukasema akikaa anakaa upande, mguu mmoja ameutupa nje. Nikakwambia kamalize kuosha vyombo. Mtoto wa miaka kumi na miwili uliyaona yote, na mimi mwenye macho ya mtu mzima nilikuwa naangalia manyoya yanavyong'aa.

Halafu akaanza kukataa ngazi za dukani. Ngazi mbili tu zile. Nikamwita, akaja mpaka chini ya ngazi, akaniangalia, akalala. Nikasema ni uvivu. Nikachukua fimbo ya ufagio. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, na usiku ule hukula. Alipanda ngazi, ndiyo. Alipanda analia. Nikajiona nimemfundisha.

Wezi walirudi siku za mvua. Komando alibweka vizuri tu, alibweka mpaka sauti ikakauka, ila kusimama alishindwa. Wakampita pale alipo wakachukua kuku. Asubuhi watu wamejaa uani, na yule mama mwenye banda la chipsi akasema kwa nguvu, "Komando gani huyu anayepigana vita amekaa?" Watu wakaangua kicheko. Nikacheka nao. Moyoni nikawa nafikiria jambo moja tu: watasema chakula cha Mama Sekela kinalegeza miguu.

Hapo ndipo aibu ilipoingia, na ikiingia kwangu huwa inakaa kwenye kiti kikubwa. Nikamhamishia nyuma ya nyumba, kwenye sakafu ya saruji karibu na karo, kamba fupi. Saruji ya Mbalizi mwezi wa sita unaijua baridi yake, hata kuku haikanyagi. Wateja wakiuliza, nikasema nimempeleka Kalenga, kule Iringa, kwa wifi yangu akapumzike. Kalenga! Hata wifi wa Kalenga sina, nilivuta jina tu. Ulinisikia nikisema hivyo huku unapima mashudu, na mkono wako ukasimama kwenye mizani.

Na siku ile Komando akabweka kule nyuma mteja akiwa bado yupo. Yule mzee wa kofia ya sufu akainua kichwa. "Mama, mbwa wa Kalenga anasikika mpaka huku?" Nikasema ni wa jirani. Akasema, "Haya," akabeba pumba zake akaondoka anatabasamu. Wewe ulitoka nje. Sijui ulikwenda kucheka au kulia.

Sasa nafika pale penyewe.

Ulikwenda peke yako mpaka ofisi ya kata kumwita bwana mifugo. Hukuniambia. Nilishtuka namwona anaingia na pikipiki na wewe nyuma umemshika koti. Ilikuwa siku ya gulio na dukani walikuwepo watu, yule mama wa chipsi na wengine. Wote wakamfuata nyuma kuangalia. Wote wakamwona mbwa wa Kalenga.

Bwana mifugo alikuwa kijana mpole. Alimshika Komando nyonga, akauvuta mguu taratibu, Komando akageuza kichwa kumlamba mkono badala ya kumng'ata. Akasema mbwa hawa wakubwa wengine wanazaliwa na nyonga isiyokaa sawasawa, kichwa cha mfupa kinachezacheza kwenye kikombe chake. Wakiachwa wakue polepole, wembamba, wengi wao wanaishi vizuri. Wakinenepeshwa wakiwa wadogo, uzito unafika kabla mfupa haujakomaa. Akasema tena, na nayakumbuka maneno yake kama yalivyo: "Wengine wanawawekea na chokaa wakidhani wanawasaidia. Inawaharibu." Akanitazama. "Wewe hujamwekea chokaa, mama?"

"Mimi? Chokaa ni ya kuku."

"Basi labda aliumia. Aliwahi kuruka kutoka juu?"

Sekela, nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Hakuna aliyenishikia kisu. Nikanyoosha kidole. Nikasema, "Ni huyu mtoto. Anamrusha kutoka juu ya ukuta kila siku, nimemkataza mpaka nimechoka."

Watu wakakugeukia. Bwana mifugo akauliza, "Kweli, binti?"

Uliniangalia. Siyo kwa hasira. Uliniangalia kama vile unavyomwangalia Komando akijikojolea, umeshaona na unatafuta kitambaa. Ukasema, "Ndiyo. Ni mimi."

Akakwambia usirudie. Ukasema hutarudia.

Jioni ulipika, tukala, ukaosha vyombo. Nilingoja uniulize, nimejiandaa kukufokea. Hukuuliza. Kesho yake asubuhi naingia kukoroga uji, nikakuta kopo la chokaa limehamishwa juu ya kabati, kule ambako mpaka nipande kiti ndiyo nilifikie. Sikupanda kiti. Ndivyo chokaa ilivyokoma nyumbani kwetu. Na mimi nikajifanya sikuona.

Ningependa kukuandikia kwamba tangu hapo nilibadilika. Sikubadilika. Nilitaka apone haraka ili watu wasahau. Unakumbuka alivyotapika kutwa nzima na damu ndani yake? Ulidhani amelishwa sumu na wezi. Zilikuwa dawa zangu za mgongo, nilimpa kwenye kipande cha nyama wewe ukiwa shuleni. Bwana mifugo alikwambia dawa za maumivu za watu zinaweza kumuua mbwa, na wewe ukarudi kunieleza mimi kama mtu asiyejua chochote. Hilo hukulijua mpaka sasa unaposoma.

Wewe ulimpunguzia chakula mpaka mbavu zikapapaswa. Ulijaza gunia maranda ukamtandikia juu ya saruji. Ulichukua kitenge changu cha sare ya kwaya, sikukupa ruhusa, ukakipitisha chini ya tumbo mbele ya miguu ya nyuma, ukashika ncha mbili juu ya mgongo na kumsaidia kubeba kiuno chake. Mkapita mbele ya duka, katikati ya watu, asubuhi na jioni. Yule mama wa chipsi akakuuliza, "Sekela, unamtembeza mbwa au unamfundisha baiskeli?" Ukamjibu hujasimama hata, "Namfundisha, shangazi. Akihitimu atakuja kukubeba wewe." Watu walicheka mpaka yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye gunia la pumba, nachota na kurudisha, nachota na kurudisha, ili nisionekane nakutazama.

Mara ya kwanza nilikishika kile kitenge wewe ukiwa kwenye mitihani yako ya kidato cha nne. Ulitoka mapema. Komando akaanza kulia, anataka kutoka nje na hawezi. Nilivumilia kidogo nikadhani atanyamaza. Sauti ile haikuwa ya kubweka, ilikuwa ya mtu anayeona haya kuomba. Nikaijua, ni yangu. Nikatoka nikamfunga kitenge kama nilivyokuona, nikavuta. Mwanangu, sikujua kama kiuno chake ni chepesi hivyo. Nilitegemea uzito wa lile dume nililokuwa najisifu nalo, nikanyanyua mifupa. Misuli ya nyuma imeisha yote, imebaki ngozi. Nilisimama naye pale kwenye majani, akakojoa, akageuka akaniangalia, mkia ukagusa mkono wangu.

Ndipo yule mzee wa kofia akapita. "Mama Sekela! Huyo si wa Kalenga?"

Na mimi, mpumbavu, nikajibu, "Amerudi likizo."

Unaona mama yako alivyo. Hata machozi yakiwa machoni, mdomo unatengeneza kitu cha kujificha nyuma yake.

Nimekaa hapa nikawaza kwa nini. Naona niliharakisha kila kitu. Nilikupata nikiwa na miaka kumi na saba, nikataka uwe mkubwa upesi ili watu waache kunisema kwamba mtoto analea mtoto. Ukiwa na miaka sita ulikuwa unateka maji. Ukiwa na minane unapima pumba na kurudisha chenji, na wateja wanasema, "Huyu ana akili ya mtu mzima," na mimi navimba kichwa vile vile kama walivyosema kuhusu ndama. Sikuwahi kujiuliza kama mgongo wako umekomaa kubeba. Siku ile mbele ya bwana mifugo nilikubebesha na la kwangu, ukalibeba bila kuyumba, na mimi nikaona, ah, anaweza. Kuweza kwako hakukunipa haki ile. Nisamehe kama utaona inafaa, na usipoona leo, sitakufuata mpaka Iringa kukudai.

Unakwenda kujifunza magonjwa ya mifugo. Mimi sina cha kukufundisha huko, ila kitu kimoja nakijua kuliko walimu wako, kwa sababu nilikuwa upande wa pili. Siku moja utaitwa kwenye nyumba, utamkuta mama amesimama na mnyama wake mgonjwa na majirani wamemzunguka. Utamuuliza kamlisha nini, na atakudanganya. Usimkasirikie. Waambie watu wakupishe, au mwombe maji ya kunawa mwingie naye ndani, ndipo umuulize tena polepole. Yule kijana alikuwa mtaalamu mzuri, Mungu ambariki, ila aliniuliza mbele ya wateja wangu. Simlaumu, uongo ulikuwa wangu. Nasema tu kwamba ukimpa mtu pembeni kidogo, unaweza kumwokoa mnyama, na mtoto pia.

Jioni ulipokwenda kuagana na wenzako wa kanisani, nilikwenda kwa Mama Eliza. Nilikuwa nimejikaza kama naenda kituo cha polisi. Nikamwambia, "Miguu ya Komando niliiharibu mimi, kwa chokaa. Sekela hakumrusha popote."

Alikuwa anachambua maharage. Hata hakuinua uso. "Hilo si mtaa mzima tunalijua."

"Mnajua nini?"

"Mama Sekela, ulikuwa unakoroga uji ule barazani huku unatangaza chokaa kama mnadani. Nani hakuona? Mtoto aliposema ni yeye, tuliona haya sisi tuliosimama pale. Yule wa chipsi alilia njiani."

Nikakosa pa kuweka mikono. Miaka yote hii nimewaficha watu kitu walichonacho mkononi. Na bado walikuwa wanakuja kununua pumba, wananisalimia, wananiuliza habari za Kalenga kwa adabu zote, wananingoja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungenijibu nini? Ungesema ni mbwa wa jirani." Hapo akacheka, na mimi nikacheka, halafu kicheko changu kikaharibika, akanisogezea kigoda.

Kuhusu Komando nilimwambia nataka nibaki naye. Akasema, "Mimi hilo silisikilizi kwako. Mbwa ni wa Sekela. Akisema nimchukue, nitamchukua na kiuno changu hiki hiki. Akisema akuachie, nitakuja kukuchungulia kila siku, na nikimkuta kwenye saruji nitapiga kelele mpaka Mbeya mjini."

Kwa hiyo uamuzi ni wako, mwanangu, na hata ukinijibu hapana nitakusindikiza stendi na kukubebea godoro. Akienda kwa Mama Eliza, nitakwenda kumnyanyua huko huko, mbele ya yeyote atakayepita. Lakini nakuomba tena. Siahidi kwamba aibu imeniisha. Kesho yule mzee wa kofia akiniuliza chochote sijui mdomo utasema nini, naujua ulivyo. Najua tu kwamba mikono imeshajifunza, na mnyama anahitaji mikono zaidi kuliko mdomo wangu. Ana umri sasa. Pengine ukirudi likizo hutamkuta, hilo nisikufiche. Nataka siku zilizobaki awe ananijua mimi kama mtu anayekuja akiitwa.

Huko Iringa watakusalimia kamwene, uitikie vizuri, usijifanye mtu wa mjini. Baridi ya kule ni ndugu ya hii ya kwetu. Ukimwona mbwa anaruka kama sungura, mwambie mwenyewe mapema.

Nilitaka niandike na mengine. Ila Komando ameanza ile sauti yake kule nyuma, na nasikia kitanda chako kinalia, unatafuta ndala. Lala, Sekela. Una safari asubuhi. Naweka kalamu chini, naenda mimi.

Mama yako